Nyumba ya magurudumu: Nunua hewa kwanza, pazia baadaye

HAIPITI wiki bila mtu kunisimamisha njiani na kuniuliza, “Mwalimu, ile nyumba yako ya magurudumu uliipata wapi, na ndani uliweka nini?”

Wanaouliza ni watu wa aina mbili. Wa kwanza ni warejeaji wenzangu, ambao wamerudi nyumbani lakini hawajapata pa kujenga. Wa pili ni wafanyabiashara wa mpakani, hasa akina mama, waliochoka kulala kwenye baraza za maduka ya Lwakhakha, Malaba na Busia huku wameegemea magunia yao.

Jibu langu ni refu, halifai kutolewa kando ya barabara, ndiyo maana nimeamua kuliandika. Mimi, mke wangu na watoto wetu wawili tuliishi ndani ya karavani kwa zaidi ya miaka miwili katika tarafa ya Industrial hapa Mbale, kuanzia katikati ya mwaka 2020 hadi mwisho wa 2022. Tulikosea mengi. Kosa moja nusura litupokonye mtoto, na jingine lingetupokonya nyumba yenyewe.

Tulivyojikuta humo

Nilivuka Malaba mwaka 1987 nikiwa na umri wa miaka minane, juu ya lori la mahindi, wakati mashariki mwa Uganda kulipokuwa na vita. Shule nilisomea upande wa Bungoma, Kenya. Nilisomea ualimu huko huko, nikafundisha huko, nikaoa huko. Lakini wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Mwanzoni mwa 2019 nilirudi Mbale na familia yangu, nikapata kazi katika shule moja ya kibinafsi na kupanga nyumba ya vyumba viwili.

Kiwanja cha marehemu baba nilikikuta kikilimwa na watu wengine wa ukoo. Wazee wakaniambia nivute subira. Kisha Machi 2020 shule zote nchini zikafungwa kwa sababu ya korona, na madarasa yote hayakurejea hadi Januari 2022. Mshahara ulikoma mwezi wa pili. Mwenye nyumba alivumilia miezi mitatu, wa nne akatuomba tuondoke.

Ndipo fundi mmoja wa kuchomelea vyuma, jirani yetu pale Malukhu, akaniambia kuwa kuna karavani inauzwa. Ilikuwa ya wajenzi wa barabara, zile nyumba ndogo za bati na mbao ambazo wahandisi hulala wakiwa kazini. Urefu wake ulikuwa mita tano, upana mita mbili na kidogo, ekseli moja, tairi mbili. Tuliinunua kwa pesa za ng'ombe wawili tuliowaacha Bungoma.

Neno karavani limetoka kwa Waajemi na maana yake ni msafara. Nyumba ya kukokotwa kwa ajili ya matembezi ilitengenezwa Uingereza mwaka 1885, ikavutwa na farasi, na mwenyewe alikuwa daktari na mwandishi, William Gordon Stables. Mnamo 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa karavani takribani 40 zinazong'aa kama fedha, wakaondoka Cape Town kuelekea Cairo. Hao walitembea kwa starehe. Sisi tulikuwa tunatafuta pa kulaza watoto. Hata hivyo, karavani haijali umeingia kwa starehe au kwa shida. Ukikosea mambo ya msingi, inakuadhibu vilevile.

Nyumba njema si mlango

Siku ya kwenda kuitazama, mimi niliangalia rangi na kabati. Fundi hakuangalia hivyo hata kidogo. Aliingia, akafunga mlango, akasimama kimya akinusa. “Mwalimu, harufu ya ukungu ni barua,” akaniambia. “Inakwambia maji yanaingia.”

Kisha akapita kila pembe akikanyaga kwa kisigino. Mahali palipobonyea palikuwa na mbao zilizooza. Akapanda ngazi kuangalia maungio ya paa, akalala chini kutazama ekseli na springi. Alipomaliza, tulikuwa tumeshusha bei kwa robo, kwa kuwa sakafu ya upande wa mlango ilikuwa imekwisha.

Mambo manne usiyaache unapokagua. La kwanza ni paa: mwaga maji juu kwa dakika kumi huku mtu akiwa ndani na tochi. Tundu la ukubwa wa sindano leo ni dari iliyoanguka mwakani, na usipoziba ufa utajenga ukuta. La pili ni sakafu. La tatu ni ekseli, springi na kile kichwa cha chuma kinachonasa kwenye gari. Ukiona chuma kimeliwa na kutu hadi kinabanduka kama ganda, achana nacho.

La nne ni tairi, na hapa wengi hudanganyika. Tairi za karavani hazichakai kwa kutembea, huzeeka kwa kusimama juani. Kashata zake zinaweza kuonekana mpya huku ubavu umepasukapasuka. Soma tarakimu nne za mwisho zilizochapwa ubavuni. Ukikuta 1419, maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Ikiwa na zaidi ya miaka sita au saba, hesabu gharama ya mpya kabla hujakubali bei.

Usiku wa jiko

Baada ya kununua, tulikuwa na akiba kidogo ya kutengenezea ndani. Mimi nilitaka pazia nzuri, zulia la plastiki na meza ya kukunja. Nilitaka wageni wakiingia waone ni nyumba ya mwalimu. Fundi alishauri tukate madirisha mawili zaidi. Nilimjibu kwamba madirisha yangengoja.

Mwezi wa pili, mvua ya Wanale ikatushukia jioni tukipika nje. Mlima huo uko karibu sana na mji, na mvua yake haibishi hodi. Tuliingiza jiko la mkaa ndani, tukafunga mlango na dirisha moja lililokuwepo. Makaa yalikuwa mekundu, bila moshi, na joto lake lilikuwa tamu. Tulikula, tukalala jiko likiwa bado pembeni.

Usiku mke wangu aliamshwa na mtoto mdogo aliyekuwa akitapika. Kichwa chake mwenyewe kilikuwa kikigonga kama nyundo. Aliniita, nami nilisikia sauti yake kama inatoka ng'ambo ya mto. Hakungoja jibu langu. Alipiga teke mlango, akawatoa watoto nje kwenye mvua, akarudi kunivuta mimi. Mdogo alikuwa na miaka minne, na alipoanza kulia kwa nguvu ndipo tulipojua yuko hai. Kesho yake zahanati walituambia tulichokwisha kukisia.

Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina rangi wala harufu. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni, hivyo mtu hulala usingizi ambao hajui ni wa namna gani. Kukosekana kwa moshi si dalili ya usalama. Chumba cha kawaida chenye nafasi chini ya mlango na juu ya ukuta huweza kukusamehe. Karavani imezibwa pande zote ili mvua na vumbi visiingie, kwa hiyo haisamehi. Madereva wa malori wanaolala ndani ya kabini wakisubiri foleni za mpakani wakae wakijua hivyo hivyo.

Wiki hiyo niliuza zulia na meza, nikakata madirisha.

Hewa na joto

Basi, ndugu msomaji, kitu cha kwanza cha kununua ni hewa. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana ili upepo upite katikati. Juu karibu na dari weka matundu ya kutolea hewa moto, na chini usawa wa sakafu weka matundu mengine. Ya chini yana kazi maalumu: gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni kama maji. Isipopata pa kutokea, hungoja kiberiti. Matundu yote yafunikwe kwa wavu wa mbu, na yasizibwe hata usiku wa baridi.

Bati la karavani likipigwa na jua la saa saba mchana, ndani huwa tanuri. Tulipaka paa rangi nyeupe, na tofauti ilionekana siku ile ile. Baadaye fundi aliweka paa la pili la mabati mepesi juu ya la kwanza, akaacha nafasi ya shubiri moja katikati ili upepo upite. Upande wa magharibi tulifunga turubai kwa nguzo mbili, tukapata baraza. Kwa familia ya watu wanne, baraza hilo ndilo lililokuwa sebule. Ndani tulikuwa tunalala tu.

Chandarua kisikosekane kwa kila kitanda, hata kama madirisha yana wavu. Mbu wa Mbale huingia na mtu mlangoni, na malaria ya mtoto mmoja itakula pesa zote ulizookoa kwenye kodi.

Moto ukae nje

Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya karavani, hata kwa dakika tano. Ukipika kwa gesi, mtungi wa kilo 6 unatosha familia ndogo, na ukae nje ndani ya kisanduku cha chuma chenye matundu chini. Mpira wa gesi ukianza kukauka au kupasuka, badilisha. Ukitaka kujua kama unavuja, paka povu la sabuni kwenye maungio uone kama linatoa mapovu. Anayepima kwa kiberiti hupima mara moja tu.

Kizimamoto cha unga cha kilo 2 kitundikwe karibu na mlango, mahali ambapo mtu anayekimbia atakipita. Dirisha moja liwe kubwa kiasi cha mtu mzima kupita, na lifunguke kutoka ndani bila ufunguo. Karavani nyingi za wajenzi zina nondo madirishani kuzuia wezi. Nondo hizo zinazuia pia wenye nyumba kutoka.

Ndoo kabla ya kitanda

Nilipomuuliza mke wangu ni kifaa gani cha kwanza mwanamke wa biashara angehitaji, nilidhani atasema kitanda. Alisema ndoo. “Mwalimu, wewe ukibanwa usiku unatoka nyuma ya gari,” alinieleza. “Mimi nikitoka pale mpakani saa nane za usiku, ninatoka na roho yangu mkononi.”

Tulitengeneza choo cha ndoo yenye mfuniko unaobana na kiti cha mbao juu yake, katika kona iliyozungushiwa pazia. Baada ya kila matumizi mtu humwagia vumbi la mbao la seremala au majivu yaliyopoa kabisa. Likimwagwa la kutosha, harufu haipo. Asubuhi ndoo humwagwa katika choo cha shimo, huoshwa na kuanikwa juani. Gharama yake ni ndogo kuliko ya pazia moja nililolinunua mwanzoni.

Maji ni jambo la hesabu. Dumu la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, sawa na mtu mzima amesimama mahali pamoja. Yawekwe chini, juu ya ekseli, yafungwe kwa mkanda. Sisi tuliweka dumu moja lenye bomba juu ya stuli nje ya mlango, sabuni ikining'inia kwa uzi. Ya kunywa yalikaa ndani kwenye chombo chake.

Kitanda, na hatimaye pazia

Godoro la sponji jepesi hubonyea katikati baada ya miezi michache, na mgongo hukupa habari. Nunua zito hata kama ni jembamba. Chini yake weka mbao zilizoachana vidole viwili ili hewa ipite. Godoro likilala juu ya plaiwudi tupu hushika unyevu wa pumzi zenu, likaota ukungu kwa chini.

Kila kitu ndani kifanye kazi mbili. Kitanda chetu kilikuwa na sanduku la nguo na vitabu chini yake. Benchi la mchana lilikuwa kitanda cha watoto usiku. Mlango wa kabati ulishuka ukawa meza ya kuandikia, na hapo ndipo binti yetu alipojifunza kugawanya kwa tarakimu mbili wakati shule zimefungwa. Milango ya kabati zote iwe na komeo, la sivyo safari ya kwanza itamwaga sahani sakafuni.

Pazia nalo lina haki yake. Ndani ya mita tano hakuna faragha, na wanandoa wanaoishi na watoto katika chumba kimoja wanajua ninachosema. Pazia zito kati ya kitanda na benchi lilituletea amani. Kosa langu lilikuwa kulinunua kabla ya dirisha.

Jua mara hesabu

Watu wengi hununua sola kwa kuamini maneno ya muuzaji. Fanyeni hesabu kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu. Paneli ya wati 100, kwa jua la huku kwetu la saa kama tano nzuri kwa siku, itakupa wati-saa 350 hadi 400 baada ya upotevu. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, lakini ukiimaliza kupita nusu mara kwa mara unaiua. Hesabu 600 tu.

Sasa upande wa matumizi. Balbu nne za LED za wati 5 kwa saa tano ni wati-saa 100. Feni ndogo ya wati 15 kwa saa nane ni 120. Simu mbili ni kama 30. Jumla ni 250, na unabaki na akiba ya siku ya mawingu. Ukiongeza televisheni ya wati 40 kwa saa nne, umefika 410, yaani umekula pato lote la siku. Pasi ya umeme usiiwaze. Anayetaka televisheni anunue paneli ya pili kwanza.

Betri ya gari haifai kwa kazi hii, kwani imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili kuwasha injini. Tafuta ya sola. Iwekwe katika kisanduku chenye tundu la hewa la kutokea nje, na fyuzi iwe karibu na betri.

Njia ya kwenda Lwakhakha

Mipaka ilipofunguliwa tena kwa wasafiri, mke wangu alianza kununua vitunguu na maharagwe upande mmoja na kuuza upande mwingine. Siku za soko tulikodi pikapu ikatuvutia karavani hadi Lwakhakha, kwa ile barabara ya kilomita 44.5 kutoka Bumbobi ambayo siku hizi ina lami. Mizigo alilala nayo, na mlango alifunga kwa ndani. Akina mama wengine wawili waliomba kulala naye kwa malipo kidogo, na hapo ndipo karavani ilipoanza kujilisha.

Anayetaka kukokota azingatie haya. Mizigo mizito ikae juu ya ekseli, ikielekea mbele kidogo, ili karibu sehemu moja ya kumi ya uzito wote ielemee kichwa cha kunasia. Uzito ukizidi nyuma, karavani huanza kuyumba kama mkia wa mbwa na inaweza kupindua gari. Minyororo miwili ya akiba ipitishwe kwa kupishana chini ya kichwa hicho. Taa za nyuma na vibao vya kuakisi mwanga vifanye kazi, na unaposimama weka kabari za mbao mbele na nyuma ya kila tairi kabla hujalegeza gari.

Nyaraka ziwe katika kisanduku kimoja kisichoingia maji. Gari na trela viwe na usajili wake. Ukivuka mpaka kwa gari, uliza bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, inayotambuliwa Uganda na Kenya. Bidhaa za Afrika Mashariki zenye thamani isiyozidi dola 2,000 zina cheti rahisi cha uasili kinachojazwa pale pale mpakani. Njia za panya hazina nafasi ya karavani, na hilo nalo ni jema.

Magurudumu

Nimelibakiza la mwisho kwa kuwa ndilo linaloniuma zaidi.

Mwaka 2021 alikuja mtu kutaka kununua ekseli na tairi. Watengenezaji wa trela za kubebea mazao huzitafuta sana. Alitaja bei ambayo ingelipa karo ya muhula mzima kwa watoto wote wawili. Karavani tungeiinua juu ya matofali, ingebaki nyumba.

Nilikubali moyoni kabla hajamaliza kusema, na karo haikuwa sababu pekee. Tangu lile lori la 1987 nilikuwa nimechoka kuwa mtu wa kuhama. Bungoma niliitwa Mganda, Mbale nikaitwa Mkenya. Nilitaka kuamka asubuhi moja nikae juu ya matofali, hata kama ni matofali matano, na kusema nimefika.

Mke wangu, ambaye ndiye mgeni wa kweli mahali hapa, alikataa. “Matofali bila msingi si nyumba, Mwalimu,” alisema. “Ukiwa na kiwanja, tutachimba msingi. Kwa sasa tuko kwenye uwanja wa mtu, karibu na mto wa mtu. Magurudumu yabaki.” Hatukuzungumza vizuri kwa siku tatu. Magurudumu yakabaki, na kila mwisho wa mwezi alimtuma binti yetu kwa fundi kuomba pampu.

Jumamosi ya tarehe 30 Julai 2022, mvua kubwa ilinyesha. Uwanja tuliokaa ulikuwa upande wa chini, si mbali na mto Nabuyonga. Maji ya mto yalibadilika rangi jioni, yakawa ya udongo mwekundu na kuleta matawi. Mke wangu alikwenda kuyatazama mara mbili. Mara ya pili aliporudi hakuniuliza. Alikwenda moja kwa moja kwa jirani mwenye pikapu. Tulitoa kabari, tukanasa, tukaondoka na sahani zikiwa mezani, tukaegesha juu, kando ya barabara kubwa. Kazi yote ilichukua nusu saa kwa sababu tairi zilikuwa na upepo na kichwa kilikuwa kimetazama lango.

Usiku huo Nabuyonga na Namatala zilifurika. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha katika mji wetu na viunga vyake, nyumba na madaraja yakaenda. Asubuhi nilirudi katika uwanja wetu. Tope lilikuwa limefika usawa wa mahali ambapo dirisha la watoto lingekuwa. Nilisimama pale muda mrefu, nikirudia hesabu ya ile karo.

Mwisho wa mwaka huo wazee wa ukoo walitukatia sehemu ya kiwanja cha baba, na leo tuna vyumba viwili vya matofali vyenye msingi tuliouchimba wenyewe. Karavani ni duka na kitanda cha mke wangu siku za soko.

Basi anayeniuliza njiani ashike mpangilio huu: paa lisilovuja, hewa inayopita, moto uliowekwa nje, ndoo, maji, chandarua, kitanda, sola, na mwisho pazia na mapambo kadiri ya mfuko. Egesha mahali pa juu, mbali na mto, kichwa kikitazama njia. Na kila mwisho wa mwezi, hata kama huna safari, jaza tairi upepo.